Semboja na Mahame Yasiyozaa Kitu

Paukwa!

—Pakawa!

Palilimwa!

—Pakalala!

Palikatwa!

—Pakachipua!

Haya. Mwenye kukohoa akohoe sasa, mwenye kusinzia amwegemee jirani yake, na anayejua mwisho wa ngano hii aumeze kwanza pamoja na mate.

Hapo kale, kale ile ambayo nyani walikuwa bado wanabisha hodi kabla ya kuingia shambani, palikuwa na kijiji kikiitwa Kwemfuu. Jambo lenyewe lilianza siku ya Alhamisi, saa mbili na robo ya asubuhi. Naona mnatazamana. Mnajiuliza, huyu robo ameijuaje, na saa hazikuwako? Robo ilijulikana kwa kinu. Siwazuri alikuwa uani anatwanga, na kivuli cha upenu kilikuwa ndiyo kwanza kinakiachia kinu. Pale kwao, kivuli kikikiachia kinu ni saa mbili na robo. Si mbili. Si mbili na nusu.

Siwazuri alikuwa binti mwembamba, mwenye wasiwasi. Akifunga mlango, hurudi kuusukuma. Akitia chumvi huonja, akionja huingiwa na shaka, akiingiwa na shaka huonja tena, mpaka mboga huisha mwikoni. Mama yake, ambaye miguu ilikuwa imevimba na hawezi tena kushika jembe, alizoea kumwambia, "Siwazuri mwanangu, wewe hata ukifa utarudi kutazama kama kaburi limefukiwa vizuri."

Mama na binti hawakuwa na ng'ombe. Hawakuwa na minazi. Walikuwa na mahame.

Mahame ni nini? Ni mahali palipoachwa. Bibi yake Siwazuri alilima pale mtama na mihogo, ardhi ikachoka, naye akaiacha. Yakaja majani. Majani yakaleta vichaka. Vichaka vikaleta ndege, ndege wakaleta mbegu, na mbegu zikaleta miti. Watu wakamwambia bibi, "Shamba lako limekufa." Bibi akajibu, "Halijafa, limelala. Mnasikia linavyopumua?" Bibi akafa. Mahame yakaendelea kupumua.

Sasa mahame yale yalikuwa na desturi. Pale palipoingilika palikuwa na vichaka viwili vya mkwamba, kimoja kulia, kimoja kushoto, na hapo ndipo mlangoni. Mtu yeyote huingia. Huvuna anachotaka, ila hapigi chuma shina lililosimama. Akitoka, huacha mlangoni kidogo cha alichopata. Mwenye uyoga huacha uyoga. Mwenye asali huacha kipande cha sega kwenye jani. Mwenye kukata ukindu kwa ajili ya mikeka huacha ukindu. Hilo huitwa fungu la mlangoni. Kila jioni Siwazuri hulikusanya, hulipeleka gulioni, na hurudi na unga na chumvi. Mama na binti hula. Basi. Hayo ndiyo yote waliyokuwa nayo duniani.

Alhamisi ile alikuwa tayari amekwenda kutazama mabungo. Mnayajua mabungo? Tunda la duara, ganda gumu, nyama ya ndani njano kama kiini cha yai, tamu na chachu kwa pamoja hata masikio hucheza. Mbungo wake ulikuwa umeparamia mti mkubwa wa mfuu kule ndani. Akayaminya, akayanusa. "Leo bado," akasema. "Kesho." Akarudi kutwanga.

Ndipo akasikia nyimbo za wakata miti.

Kutazama njiani, anaona nani? Anamwona Semboja, tajiri wa mkaa. Nyuma yake vijana, mabegani mashoka. Semboja alikuwa amekwisha kuchoma kilima cha mashariki, kikabaki upara. Akachoma cha magharibi, kikabaki upara. Sasa alikuwa anatafuta pa tatu.

"Shikamoo, mzee Semboja."

"Marahaba, mwanangu. Mama hajambo miguu?"

"Hajambo kidogo. Mbona na mashoka?"

"Tunakwenda pale kwenye kipori chenu. Usisumbuke kutuonyesha njia, tunaijua."

"Pale pana wenyewe, mzee."

"Wenyewe akina nani? Nyani?"

Vijana wakacheka. Siwazuri akauacha mchi ndani ya kinu. Akakimbia. Alikimbia hata khanga ikambaki mkononi, na hakurudi kutazama kama mlango ameufunga. Kwa mara ya kwanza maishani mwake!

Alikokimbilia ni kwa Jumbe Mhando, mkuu wa kijiji. Alimkuta barazani ananyolewa. Nusu ya kichwa ilikuwa imekwisha kung'aa, nusu ya pili ingali na nywele. Kinyozi akataka aendelee, Jumbe akamzuia mkono. "Kesi kwanza," akasema. "Nywele haziendi popote."

Semboja akafika nyuma ya binti, taratibu, kama mtu anayekwenda kula kwake. Na watu wakafika, maana shoka na mwanamke anayekimbia vikipita pamoja hakuna anayebaki jikoni.

"Jumbe," Semboja akaanza, "sheria ya hapa tunaijua sote. Konde lililoachwa bila jembe, likawa halizai kitu, hupewa atakayelizalisha. Mahame yale hayazai kitu. Mimi nitayazalisha. Nitakata, nitachoma, nitatoa mkaa! Magunia yake nikiyapanga kuanzia hapa yatafika mtoni. Na binti huyu nitampa gunia moja, bure, kwa roho yangu nzuri."

"Na ukimaliza kuchoma?" Jumbe akauliza.

"Nitahamia pengine."

"Na mwaka kesho pale patatoka nini?"

"Mwaka kesho ni wa Mungu, Jumbe."

Jumbe akamgeukia Siwazuri. "Haya, mwanangu. Mahame yako yanazaa nini?"

Siwazuri akafungua kinywa. Maneno yakatoka yote kwa mpigo kama kuku waliofunguliwa banda. "Uyoga na mabungo na ukindu na asali na mnavu na fuu na kamba na dawa ya mkwamba na mipini na..."

"Onyesha ghala," Semboja akasema.

"Hakuna ghala."

"Onyesha gunia."

"Hakuna gunia."

"Onyesha hata chungu kimoja kilichojaa."

"Chungu... chungu tunapikia."

Watu wakacheka. Hata kinyozi akacheka. Semboja akafungua mikono. "Mmesikia wenyewe. Kiganja huku, konzi kule. Bandu bandu huisha gogo, Jumbe. Hicho ndicho kinachofanyika mle. Wanabandua mpaka litakwisha bure, na hakuna atakayekuwa ameona faida."

"Haba na haba hujaza kibaba," Siwazuri akasema, lakini sauti ilikuwa ndogo.

"Kibaba kiko wapi?"

Siwazuri alijua ni kweli. Kilichotoka mahame hakikuwahi kulala mahali pamoja. Kilitoka kwa viganja, kikaenda kila nyumba. Kilikuwa vichwani mwa watu, vitandani mwao, matumboni mwao. Ghala lake lilikuwa kijiji kizima. Utalionyeshaje ghala ambalo kila mtu amelivaa?

Akainamisha uso kwa aibu. Na macho yake yalipoinama, yakaangukia shoka la Semboja. Akautazama mpini. Akautazama tena. Mnamjua alivyo. Akautazama mara ya tatu. Shingoni mwa mpini palikuwa na alama ya pete iliyochongwa.

Akainua uso.

"Mzee Semboja. Unasema mahame yangu hayazai kitu."

"Nasema."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja!"

"Hata kidogo?"

"Hata cha kujaza kucha!" Semboja akaonyesha ukucha wake kwa watu, na watu wakacheka tena.

"Basi itakuwa rahisi kwako. Ingia ukate mti mmoja tu. Lakini usiingie na kitu chochote kilichotoka mle. Ukiuangusha, mahame ni yako, na mimi mwenyewe nitakushikia midomo ya magunia. Ukishindwa, shoka lako lisionekane pale tena."

Semboja akamtazama binti, akatafuta mtego, hakuuona. Mtu asiyejua kilichomo nyumbani mwake huona wapi mtego?

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Jumbe akaokota kijiti, akakivunja katikati, akampa kila mmoja nusu. Na kijiti cha Kwemfuu kikivunjwa, hakiungwi. Wakaondoka wote kuelekea mahame, Jumbe mbele na kichwa chake cha nusu, kinyozi nyuma na wembe wake.

Wakafika mlangoni, penye mikwamba miwili. Semboja akaweka mguu ndani.

"Simama," akasema Siwazuri. "Huo mpini."

"Mpini umefanya nini?"

Akajitokeza mzee Ngoda, fundi wa mipini, na jicho moja amelifumba. "Huo ni wangu. Pete hiyo shingoni huchonga mimi peke yangu. Ni mkole huo, Semboja. Mkole wa mahame haya haya, tawi la pembeni. Pale kwenye vilima vyako ulivyochoma mkole hauoti, jua limezidi. Kwenye msitu mkuu hauoti, kiza kimezidi. Unaota hapa. Uliuchukua kwangu kwa kuku, tena kuku mwenyewe hatagi."

"Weka chini," akasema Jumbe.

Semboja akaugonga mpini, ukachomoka. Akautupa pale mlangoni. Akabaki na chuma kiganjani, kama mtu aliyenunua samaki akapewa kichwa. Wanawake wakaanza kuimba, na nyinyi mnaonisikiliza mniitikie:

*Mahame we, mahame,*
*nani kala humu?*
*Kala baba, kala mama,*
*kala na shoka pia!*

"Subirini!" akafoka Semboja. Akamtuma kijana mmoja uani kwake kukata tawi la mwembe alioupanda kwa mkono wake. Likachongwa haraka haraka, likatiwa shokani. Mpini wenyewe ulikuwa umepinda kama mguu wa mbuzi, lakini ulikuwa halali. Jua lilikuwa limeshaanza kurudi upande wa pili.

Semboja akaweka mguu ndani mara ya pili.

"Simama," akasema Siwazuri. "Hao vijana."

"Watu si vitu!"

"Watu si vitu, mzee. Kofia ni kitu."

Akajitokeza Bi Mgeni, msusi wa mikeka na kofia, jirani yake Siwazuri. Bi Mgeni alikuwa mwenye shoto, na kila alichosuka kilimalizikia upande wa kushoto, kinyume cha wasusi wote wa nchi ile. Akazipitia kofia za vijana moja moja, kama mtu anayechagua nyanya. "Kushoto. Kushoto. Hii kushoto, tena nilisema isiloweshwe, imeloweshwa! Vueni. Ukindu wote huu nimeukata kule bondeni kwa Siwazuri."

Kofia zikavuliwa. Zikafuata kamba za kufungia magogo, magome yaliyosokotwa, mahame. Zikafuata vikapu vya chakula, mahame. Kijana mmoja akajitazama, akamtazama mwenziwe, akatikisa kichwa. "Mzee Semboja, mimi mwanangu analala kwenye mkeka wa humu. Nikikata humu atalala wapi?" Akaliweka shoka lake begani, akaondoka. Na wa pili akaondoka. Na waliobaki wakaondoka.

"Nendeni!" akasema Semboja. "Mti mmoja hauhitaji jeshi."

"Bado mshipi," akasema Bi Mgeni.

"Mshipi gani?"

"Huo unaoshikilia kikoi. Nilikusukia mimi, wakati wa harusi ya mwanao. Ugeuze uone unakomalizikia."

Semboja hakuugeuza. Aliufungua, akautupa. Sasa mkono mmoja una shoka, mkono mmoja umeshika kikoi. Nani amewahi kukata mti kwa mkono mmoja? Akijaribu kuinua shoka, kikoi kinashuka. Akiinua kikoi, shoka linashuka. Shoka juu, kikoi chini! Kikoi juu, shoka chini! Watoto wakalala chini kwa kicheko. Kinyozi ikabidi aufunge wembe, asije akamkata mtu.

Na katikati ya vicheko hivyo akatokea Bi Somoe, mke wa Semboja, na sinia kichwani. "Baba wee, mbona umevuliwa nguo? Nimekuletea wali, maana asubuhi ulikunywa uji tu."

"Nyamaza, mke wangu."

"Ninyamaze nini? Na uji wenyewe nilikutilia asali ya mahame mpaka ukaramba kata."

Kila mtu akamtazama Jumbe. Jumbe akajikuna kichwa, upande wenye nywele.

"Kilicho tumboni," akasema taratibu, "kimeingia au hakijaingia?"

"Kimeingia!" wakaitikia watu wote.

Semboja akapiga mguu chini kwa hasira. Lakini msimdharau, hakuwa mjinga. Akawaza, akapiga hesabu ndani ya kichwa chake. "Haya," akasema. "Tangu sasa sili. Sinywi. Kesho asubuhi nitakuja na shoka la mwembe, mshipi wa ngozi, kichwa wazi na tumbo tupu. Tutaona nani atanisimamisha."

Usiku ule tuupitishe upesi, maana Siwazuri hakuulala. Aligeuka huku akageuka huku. Alikuwa amepiga hesabu ya mpini. Alikuwa amepiga hesabu ya kofia. Hesabu ya tumbo tupu hakuwa nayo.

"Mama," akasema kulipokucha, "akija hana kitu, nitamsimamisha kwa nini?"

"Nipe maji ya kukanda miguu," akasema mama. "Kisha nenda. Mwenye chake hakai mbali nacho."

Ijumaa asubuhi Semboja akaja. Kikoi cha mjini. Mshipi wa ngozi ya mbuzi wake mwenyewe. Mpini wa mwembe. Kichwa wazi. Miguu mitupu. Bi Mgeni akamzunguka, hakuona kitu. Mzee Ngoda akamzunguka, hakuona kitu. Siwazuri akamzunguka mara moja, mara mbili, mara tatu. Akatazama hata nyuma ya masikio. Hakuna.

"Umekula?" akauliza Jumbe.

Kabla Semboja hajajibu, tumbo lake lilijibu. Ngurrr! Hata ndege wakaruka.

"Sina kitu cha mahame," akasema Semboja. "Wala juu, wala ndani. Desturi ya wakata miti inasema mwenye pori huonyesha mti wa kwanza. Nionyeshe, binti. Nimalize, nikale."

Siwazuri akainua mkono. Alitaka kumwonyesha mti mmoja mnyonge pale karibu, angalau aharibu kidogo. Mkono ulikuwa umekwisha inuka, kidole kimekwisha nyooka. Ndipo upepo ukavuma kutoka ndani.

Akanusa.

Akanusa tena.

Enyi wasikilizaji, jana alisema nini? Alisema, "Leo bado. Kesho." Na kesho yenyewe ndiyo leo!

Kidole kikahama. "Ule," akasema. "Ule mfuu mkubwa, kule ndani kabisa."

Macho ya Semboja yakang'aa. Mti mnyonge angeukata akaridhika. Mti mkubwa akauona umekwisha kuwa magunia. "Ahsante, mwanangu," akasema, na akapita katikati ya mikwamba miwili. Hakuna aliyemsimamisha.

Siwazuri akasimama pale mlangoni, mikono imeshikana. Je, kama mtu yule ana roho ya chuma? Je, kama mabungo hayajaiva vya kutosha? Je, kama hayanuki kule kama yanavyonuka hapa? Akatamani kurudi nyuma akayanuse tena. Lakini kijiti kilikuwa kimekwisha vunjwa.

Ko!

Shoka lilikuwa limepiga shina. Watu wakashika vinywa.

Wakasubiri pigo la pili. Hakuna.

Walichosikia ni pu. Kisha pu, pu, pu, pu.

Halafu kimya.

"Semboja!" akaita Jumbe. "Mti umeanguka?"

"Bado!" ikajibu sauti, safi.

Wakasubiri. Kimya.

"Semboja! Mbona shoka halilii?"

"Napu... napumzika!" ikajibu sauti, imevimba shavuni.

Wakasubiri. Kimya, ila kitu kama kukwangua.

"Semboja! Unafanya nini huko?"

"Mmmh!" ikajibu sauti.

"Twende," akasema Jumbe.

Wakaingia wote, wanawake, wazee, watoto, kinyozi. Wakamkuta Semboja ameketi chini ya mfuu. Shinani palikuwa na chanjo moja tu, ndogo. Pigo lile lilikuwa limeutikisa mbungo, na mabungo yaliyoiva yalikuwa yamemnyeshea kama mvua ya mawe. Moja lilikuwa limempasukia begani. Harufu ilikuwa imemwingia puani, kutoka puani ikaenda tumboni, na tumbo halikuomba ruhusa ya mtu. Maganda yalimzunguka kama vifaranga wanavyomzunguka kuku.

"Semboja," akasema Jumbe, "hicho nini kidevuni?"

"Jasho."

"Jasho la njano?"

Semboja akameza. Mbegu zikashuka kooni, zikaonekana zikishuka.

Siwazuri akasogea. Sasa sauti yake haikuwa ndogo. "Mzee Semboja. Mahame yangu hayazai kitu?"

Semboja akayasukuma maganda nyuma yake.

"Hata kimoja?"

Akajipangusa kidevu kwa kiganja.

"Hata cha kujaza kucha?"

Semboja akatazama mikono yake. Kucha zilikuwa zimejaa, zote, njano tupu kutoka dole gumba hadi kidole cha mwisho. Akajaribu kuzificha kwapani. Watu walipasuka! Jumbe alicheka hata akaketi chini. Bi Somoe alicheka akalia. Siwazuri naye, nawaambia, Siwazuri mwenye wasiwasi wake, aliruka juu kama mtoto aliyenunuliwa nguo ya sikukuu, akapiga kigelegele kilichosikika mpaka kitandani kwa mama yake.

"Mwenye njaa hana miiko, Jumbe," akasema Semboja kwa unyonge.

"Kweli," akasema Jumbe, akijifuta machozi. "Na mwenye kijiti ana neno lake. Mti umesimama, na tumboni sasa una cha mahame. Njoo huku nje."

Akamwongoza mpaka mlangoni, penye mikwamba miwili. Pale pale palikuwa na lundo la jana. Mpini. Kofia. Kamba. Vikapu. Mshipi. Juu yake watu walikuwa wameongeza kila mmoja alichokuja nacho na kukumbuka kimetoka wapi. Huyu kipande cha sega, huyu furushi la uyoga, huyu mkeka, huyu kata, huyu mizizi ya dawa ya mtoto. Lundo lilikuwa limempita Jumbe kiunoni, na watu walikuwa bado wanaleta.

"Jana uliuliza ghala," akasema Jumbe. "Hilo hapo. Wewe ungechoma mara moja, ukala mara moja, ukahama. Haya yameliwa msimu uliopita, yameliwa msimu huu, na msimu ujao yataliwa tena, na mti umesimama. Toa kijiti chako."

Semboja akakitoa. Jumbe akampa Siwazuri nusu hiyo pia, akawa na zote mbili, na mahame yakabaki yake. Halafu Jumbe akaketi juu ya jiwe na kumwita kinyozi. "Haya. Malizia upande wa pili."

Watu wakachukua kila mmoja chake. Vijana wakaja kuchukua kofia zao. Mshipi ukachukuliwa na Bi Somoe. Lakini Semboja alikwenda nyumbani bila kugeuka, na mpini wa mkole, ule wenye pete shingoni, ukabaki pale kwenye majani.

Asubuhi ya pili yake, umande ungalipo, Siwazuri akarudi mlangoni na kipande cha kamba ya magome. Akauokota ule mpini, akaupangusa kwa khanga. Akaulaza juu, kutoka mkwamba wa kulia mpaka mkwamba wa kushoto, akaufunga huku, akaufunga huku, ukawa kizingiti cha juu cha mlango wake. Tangu hapo atakayetoka asiweke fungu chini likaliwa na siafu. Alitundike.

Hajamaliza kufunga, Bi Somoe akatokea njiani na furushi la jani la mgomba. Ndani kulikuwa na uyoga mbichi. Akalitundika kwenye mpini.

"La nani hili, shangazi?"

"La yule mwenye kidevu cha njano, kwa mabungo aliyokula. Amesema yeye haji. Amesema kwanza nikuulize, mabungo mengine yataiva lini?"

Siwazuri akacheka. "Mwambie keshokutwa. Mwambie aje na kikapu, aache shoka."

Akaukaza mpini kwa mara ya mwisho. Akachukua furushi, akashika njia ya nyumbani, kwa mama, kwenye kinu chake ambacho mchi ulikuwa bado umesimama ndani. Akafika kwenye kona ya njia, pale ambapo siku zote husimama na kurudi kutazama kama alichofunga kimefungika.

Hakurudi.

Na ngano yangu nami nimeitundika pale pale, kwenye mpini wa Semboja. Mkipita, itungueni mwende nayo. Ila mkitoka, kila mmoja aache fungu lake la mlangoni.

Palikatwa!

—Pakachipua!

Pakachipua nini?

—Chetu sote!